Samaki Wamwagao Mayai: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuwazalisha Nyumbani

Mazungumzo kwa wananchi wa Urambo, Mkoa wa Tabora



Mazungumzo haya yamekusudiwa kwa mtu aliyekwisha kununua, au anayekusudia kununua, samaki wadogo wa mapambo wa kufuga ndani ya tangi la kioo, na ambaye ameambiwa kwamba samaki hao huzaliana nyumbani na kumletea mwenyewe kipato. Hilo la kwanza ni kweli. Hilo la pili linahitaji kupimwa. Kazi yetu leo ni kuyaeleza yote mawili, ili mwananchi atoe fedha yake akijua anachonunua.

Maswali yanayotufikia mara nyingi ni matatu. La kwanza: "Niliuziwa jozi inayotaga, mbona sijaona kifaranga hata mmoja?" La pili: "Samaki wangu wamekufa siku ya tatu baada ya kuwanunua, je, nina haki yoyote?" La tatu huulizwa na waliofanikiwa: "Wamezidi mno, niwapeleke wapi?" Tutayajibu yote matatu, kila moja mahali pake.

Samaki wa namna hii ni wepi

Watu wa Urambo wanawajua samaki wa aina mbili zenye malezi tofauti, ingawa huenda hawajapata kuwalinganisha. Perege jike huyachukua mayai yake kinywani, akayalinda humo mpaka yaanguliwe, na vifaranga wakitishwa hurudi kinywani mwa mama yao. Mayai yake ni machache, lakini kila moja lina mlinzi. Kambale hafanyi hivyo. Mvua kubwa za kwanza zinapojaza mbuga, kambale hupanda kwenye maji mapya yaliyofunika majani, dume na jike wakakutana usiku, mayai yakamwagwa kwa maelfu juu ya nyasi, na wazazi wakaenda zao. Dagaa wa Ziwa Tanganyika, ambaye treni ya Kigoma imekuwa ikituletea kwa miaka mingi, naye hutaga katika maji ya wazi, na hakuna mzazi anayeyalinda mayai yale.

Samaki wa namna hii ya pili ndio tunaowaita wamwagao mayai. Ulinzi wao ni wingi. Mayai mengi huliwa, machache husalimika, na hayo machache yanatosha kuendeleza ukoo. Kanuni hii ndiyo inayotawala kila tutakalolisema leo: samaki hawa hawana malezi, na mara nyingi wazazi wenyewe ndio wa kwanza kuyala mayai yao. Mfugaji akitaka vifaranga, yeye ndiye atakayekuwa mlinzi.

Miongoni mwa samaki wa mapambo, wamwagao mayai ni wengi: jamii ya danio, barbi wadogo, tetra, na hata samaki wa dhahabu. Kwa anayeanza, tunapendekeza danio mwenye milia, yule mdogo mwenye mistari ya buluu inayokwenda kutoka kichwani hadi mkiani, ambaye wengine humwita samaki pundamilia. Asili yake ni mito na madimbwi ya India na nchi jirani zake. Alielezwa kitaalamu mwaka 1822 na Francis Hamilton, tabibu wa Kiskoti aliyefanya kazi nchini India. Urefu wake hauzidi sana sentimita 4. Ni mvumilivu wa maji ya aina nyingi, hula karibu kila kitu kidogo kinachofaa, na akitunzwa vizuri hukomaa akiwa na umri wa takriban miezi mitatu.

Samaki huyu anajulikana pia katika maabara za dunia. Mwaka 1981 George Streisinger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walichapisha utafiti uliomfungulia njia ya kutumiwa katika elimu ya urithi wa viumbe. Sababu mojawapo ya kupendwa kwake ni kwamba yai lake linapenya mwanga, na kiumbe hukua nje ya tumbo la mama. Kwa kioo cha kukuza, mwanafunzi wa shule anaweza kuuona moyo wa kijusi ukidunda siku ya pili baada ya kutagwa. Hata asiyepata senti moja kutokana na samaki hawa atakuwa amepata somo hilo.

Kabla ya kutoa fedha

Tuanze na neno "jozi". Muuzaji anayekuuzia samaki wawili kwa bei kubwa kwa kuwa "ni jozi inayotaga" anakuuzia jambo ambalo wewe huwezi kulithibitisha pale dukani, na pengine yeye pia hawezi. Danio wachanga dume na jike hufanana. Wakikomaa, jike huwa na tumbo la mviringo, na dume huwa mwembamba mwenye rangi ya udhahabu kati ya milia. Zaidi ya hayo, danio ni samaki wa kundi. Wawili peke yao huishi kwa hofu, au mmoja humsumbua mwenzake. Nunueni sita hadi wanane, wadogo, kwa bei ya kawaida. Wakikomaa, madume na majike watajitofautisha wenyewe mbele ya macho yenu.

Mtazame samaki kabla ya kulipa. Mwenye afya huogelea wima, mapezi yake yamekunjuka, anapumua bila kuhema, na hukimbilia chakula. Mwombe muuzaji awalishe ukiwa umesimama hapo. Tangi lenye samaki hata mmoja aliyekufa, au wenye vidoa vyeupe kama punje za chumvi, usinunue humo, hata ukipunguziwa bei.

Uliza pia wametoka wapi na lini. Samaki aliyesafirishwa kutoka Dar es Salaam au Mwanza hadi Tabora, kisha akaletwa Urambo, amechoka. Aliyekaa dukani wiki nzima akila vizuri ni salama kuliko aliyeshuka asubuhi hii. Mfuko wa safari uwe na maji sehemu moja na hewa sehemu mbili, na samaki wasilishwe siku moja kabla ya safari ili wasichafue maji. Ukifika nyumbani, uache mfuko uelee ndani ya tangi kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, kisha uongeze maji ya tangi mfukoni kidogo kidogo kabla ya kuwahamisha samaki kwa wavu mdogo.

Chombo na maji

Tangi la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 30 huchukua lita 54. Maji pekee yatakuwa na uzito wa kilo 54. Ukiongeza kioo na changarawe, uzito unapita kilo 60. Meza ya kusomea watoto haifai. Liwekwe juu ya kitu imara kilicho sawa, mbali na dirisha lenye jua kali, na mbali na waya za umeme zinazoweza kurukiwa na maji. Vifaa vya lazima ni vichache: pampu ndogo ya hewa, chujio la sifongo, kipimajoto na mfuniko. Anayekuambia kwamba huwezi kuanza bila taa za rangi na mapambo ya plastiki anauza mapambo.

Kosa linaloua samaki wengi ni kununua tangi na samaki siku moja. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wema wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo sana. Bakteria hao hujijenga polepole ndani ya sifongo na changarawe, kwa muda wa wiki nne hadi sita. Katika tangi jipya hawapo. Ndiyo maana maji yanaweza kuonekana maangavu kabisa huku samaki wakifa. Anzeni na samaki wachache sana, walisheni kidogo, na badilisheni robo ya maji mara mbili kwa wiki mpaka tangi likomae. Sifongo lisioshwe kwa maji ya bomba, bali kwa maji yaliyotolewa tangini, ili bakteria wasife.

Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yawekwe ndani ya ndoo wazi kwa saa 24 kabla ya kutumiwa. Klorini nyingi itapotea hewani. Ndoo ifunikwe kwa kitambaa chepesi ili mbu wasitagie humo. Maji ya kisima yasiyotiwa dawa yanaweza kufaa, lakini yajaribiwe kwa samaki wachache kwanza. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati hayana madini ya kutosha yakitumiwa peke yake; yachanganywe nusu kwa nusu na ya kisima, na mvua ya kwanza inayoosha paa iachwe ipite.

Sasa tunafikia hatari ambazo ni za hapa kwetu hasa. Urambo ni nchi ya tumbaku. Nikotini huyeyuka upesi katika maji na ni sumu kwa samaki. Mtu aliyetoka kuchuma au kufunga majani ya tumbaku asitie mkono tanginni kabla ya kunawa vizuri kwa sabuni na kujisuuza mpaka sabuni yote iishe. Debe, dumu au pampu iliyowahi kubeba dawa ya kuua wadudu wa shambani isitumiwe kamwe kubebea maji ya samaki, hata ikioshwa mara kumi. Kwa hakika isitumiwe kwa kazi yoyote ya nyumbani.

Vivyo hivyo kuhusu chandarua. Wengine hukata kipande cha chandarua kutengenezea wavu wa samaki au kizuizi cha mayai. Vyandarua vinavyogawiwa kwa ajili ya kinga ya malaria vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, na dawa hizo ni kali mno kwa samaki, ingawa mtu hulala chini yake kwa usalama. Kipande kidogo kinaweza kuua tangi zima. Na chandarua kizima kina kazi yake: kumlinda mtoto asipate malaria. Dawa ya kupuliza chumbani nayo ni hatari. Ukipuliza, zima pampu, funika tangi kwa kitambaa kilicholowa, na usubiri chumba kipate hewa safi.

Namna ya kuwazalisha

Danio hupenda maji ya nyuzi joto 24 hadi 28. Kwa miezi mingi ya mwaka nyumba zetu zina joto hilo bila msaada. Mwezi wa Juni na Julai usiku huwa wa baridi, na anayeanza hana sababu ya kununua kipasha maji. Asubiri tu Septemba.

Hatua ya kwanza ni kuwatayarisha wazazi. Kwa muda wa wiki moja hadi mbili, watenge majike na madume, uwalishe vizuri mara mbili au tatu kwa siku, na katika vyakula hivyo wapewe vilivyo hai. Viluwiluwi vya mbu ni chakula bora, navyo havinunuliwi; vichujwe kwa wavu na kuoshwa kwa maji safi, na kila kilichokamatwa kitumiwe siku hiyo hiyo kabla hakijawa mbu. Majike yakinenepa tumboni, yako tayari.

Hatua ya pili ni chombo cha kutagia. Beseni safi la plastiki au tangi dogo la lita 10 linatosha. Tia maji yaliyotulia yenye kina cha sentimita 10 hadi 15. Chini yake panga gololi za watoto, tabaka mbili, zilizooshwa kwa maji ya moto bila sabuni. Yai la danio lina upana usiozidi milimita moja, halinati, na huzama. Likizama kati ya gololi, wazazi hawalifikii. Badala ya gololi unaweza kutandaza wavu wa plastiki wenye matundu ya milimita 2 hadi 3, ulioinuliwa kidogo kutoka chini. Mwenye jozi iliyotaga asione kifaranga, jibu la swali lake mara nyingi liko hapa: mayai yalitagwa, yakaliwa kabla familia haijaamka.

Hatua ya tatu ifanywe jioni. Tia majike mawili na madume matatu ndani ya chombo hicho, ukifunike, wala usiwalishe. Danio hutaga asubuhi mwanga unapoingia. Utayaona madume yakiwafukuza majike kwa kasi, ubavu kwa ubavu, na mayai yakidondoka. Jike mmoja aliyenenepa anaweza kutoa mamia ya mayai kwa asubuhi moja. Kabla ya adhuhuri warudishe wazazi katika tangi lao. Ikiwa hawakutaga siku ya kwanza, wape asubuhi moja zaidi, ukiongeza maji mapya yenye ubaridi kidogo, kwani kwao, kama kwa kambale wetu, maji mapya ni dalili ya mvua. Wakikataa tena, warudishe, uendelee kuwalisha kwa wiki moja, kisha ujaribu upya.

Yatoe mayai yaliyogeuka kuwa meupe, kwa kuwa hayakurutubishwa na yataota kuvu itakayoenea kwa mengine. Yaliyo mazima huonekana kama kioo. Katika joto la nyuzi 26 hadi 28 yataanguliwa siku ya pili au ya tatu.

Kulea vifaranga

Hapa ndipo wengi hushindwa. Kifaranga aliyeanguliwa ni kama uzi wenye macho mawili. Kwa siku mbili au tatu hubandika ubavuni mwa chombo akiishi kwa kiini alichozaliwa nacho. Wakati huo usimpe chochote. Chakula kitaoza tu. Takriban siku ya tano baada ya kutagwa huanza kuogelea mbele, na siku hiyo hiyo anahitaji chakula kinachoingia katika kinywa chake. Chakula cha pakiti cha wazazi hakiingii. Asipopata kinachomfaa, siku chache zinatosha kuwamaliza wote.

Chakula hicho kiandaliwe mapema, siku ile ile wazazi wanapotengwa. Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tia maji ya tangi lililokomaa na kipande kidogo cha jani kavu la mgomba, uifunike kwa kitambaa na kuiweka mahali penye mwanga. Baada ya siku kadhaa maji yatachafuka na kutoa harufu, kisha yataanza kuangaa tena. Hapo yamejaa vijidudu visivyoonekana kwa urahisi, ambavyo ndivyo maziwa ya mama kwa vifaranga hawa. Watiliwe vijiko vichache mara tatu au nne kwa siku.

Ikiwa chupa haikufaulu, kiko kiini cha yai la kuku lililochemshwa likaiva kabisa. Chukua punje ndogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, uifunge katika kitambaa safi na kuikamulia majini mpaka maji yawe na ukungu mwepesi. Isizidi hapo. Kiini kikizidi, maji huoza kwa nusu siku, na hasara itakuwa ya chombo kizima.

Kila siku toa sehemu moja ya kumi ya maji kwa mpira mwembamba wenye kitambaa mdomoni, uongeze maji yenye joto lile lile. Baada ya wiki mbili waanze kupewa chakula cha pakiti kilichosagwa kuwa unga. Wakifika wiki ya sita wahamishwe kwenye chombo kikubwa. Kati ya mayai mia mbili, mfugaji anayeanza akifikisha samaki ishirini ukubwani amefanya kazi ya kusifiwa.

Hesabu ya kipato

Mali bila daftari huisha bila habari. Anayewaambia vijana wetu kwamba jike mmoja hutaga mamia, kwa hiyo watauza mamia, ameacha sehemu mbili za hesabu. Ya kwanza tumekwisha kuieleza: mayai si samaki. Ya pili ni soko. Urambo ni mji mdogo. Nyumba zenye matangi ya kioo zinahesabika, na kila moja ikinunua samaki sita, haitarudi kununua mwezi ujao, kwa kuwa danio akitunzwa huishi miaka miwili na zaidi. Danio ni samaki wa bei ya chini mahali pote duniani kwa sababu hiyo hiyo anayopendewa, yaani huzaliana kwa urahisi. Na mteja wa mji wa mbali atahitaji mfuko, hewa na nauli, ambavyo kwa pamoja vinaweza kupita thamani ya samaki wenyewe.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Usikope ili uanze. Usiuze mbuzi wala usitumie malipo ya tumbaku ya msimu. Anza na tangi moja na beseni moja. Andika kila shilingi ya chakula, umeme na vifaa kwa miezi sita. Tafuta wanunuzi kabla ya kuongeza tangi la pili. Anayekushawishi ununue "mtaji" wa majozi mengi kwa ahadi kwamba atakuja kuvinunua vifaranga vyote, mwombe aandike ahadi hiyo, aitie sahihi, na aeleze bei. Akikataa kuandika, amekujibu. Anayetaka samaki wa kipato hapa kwetu, perege na kambale wa kula wana soko kila siku, na Afisa Uvuvi wa Halmashauri ataeleza taratibu za bwawa.

Wasitupwe mtoni

Tunafikia swali la tatu. Samaki waliozidi, au aliyechokwa na mwenyewe, asimwagwe mtoni, bwawani wala mferejini. Maji ya nchi yetu huenda Ugalla, Ugalla huingia Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Bonde la Malagarasi na Muyovozi liliorodheshwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza la Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya mia mbili za samaki wa jamii ya perege, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote.

Tunalo somo karibu. Sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alileta biashara kubwa, lakini kuenea kwake kulichangia kutoweka au kupungua kwa mamia ya aina za samaki wadogo wa ziwa lile. Danio si sangara, lakini mgeni mdogo anaweza kubeba ugonjwa usioonekana, na akishaingia mtoni hakuna awezaye kumrudisha.

Waliozidi wagaieni majirani wenye matangi au shule zenye mwalimu wa kuwatunza. Njia iliyo rahisi zaidi ni kutowazalisha: mayai yakiachwa katika tangi la wazazi bila gololi, wataliwa wenyewe. Maji machafu ya tangi yamwagwe kwenye bustani ya mchicha, ambako ni mbolea.

Kwa upande wa pili, asiingie mtu katika mito yetu kukusanya visamaki vya rangi kwa biashara bila kibali. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zinasimamia biashara ya samaki wa mapambo, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyotangazwa mwaka 2019, taratibu za hifadhi ndizo zinazotawala. Ulizeni kwanza.

Haki ya mnunuzi

Limebaki swali la samaki waliokufa siku ya tatu. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia. Kumwambia mnunuzi kwamba samaki ni jozi iliyothibitishwa, au kwamba tangi jipya linaweza kupokea samaki ishirini siku hiyo hiyo, hali si kweli, ni kumpotosha. Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi. Dai risiti kila unaponunua, na iandikwe aina na idadi ya samaki. Andika tarehe. Samaki akifa, mhifadhi ndani ya mfuko mahali pa baridi, na uweke kando chupa ya maji ya tangi ili yaweze kupimwa. Rudi kwa muuzaji upesi, kwa adabu, ukiwa na risiti. Msipoelewana, nenda kwa Afisa Biashara wa Halmashauri. Na shauri likiwa kubwa, Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji.

Nasi tuseme ukweli kwa muuzaji pia. Samaki wengi hufia mikononi mwa mnunuzi kwa sababu ya tangi changa, chakula kingi au maji yenye dawa. Kabla ya kumlaumu mtu, jiulize mambo hayo matatu.

Ndugu wananchi, tangi la samaki ni kitu kizuri nyumbani. Humtuliza mzee, humfundisha mtoto subira, na mayai yale yenye upana wa milimita moja yana elimu ambayo kitabu hakiwezi kuionyesha kwa macho. Tunachoomba ni kwamba lisiwe mtego wa kumnyang'anya mkulima fedha ya msimu, wala mlango wa kuharibu mito yetu. Kijitabu hiki kichukueni nyumbani, kisomeni pamoja na watoto, na mwenye swali afike ofisini wakati wowote wa kazi.